Kiambishi Nilichokimeza

Ijumaa, Ngara, ghorofa ya nne. Stima zimepotea tangu saa moja.
Mshumaa tumeusimamisha juu ya kifuniko cha kopo la mafuta.
Mumbua ametoka zamu, viatu vya wodi bado miguuni,
Osewe ananuka gundi ya mabomba,
na mimi, mwendesha mchezo, nina penseli, nina daftari,
nina dadu la pande ishirini lililochongwa Kariokor
kwa pembe ya ng'ombe, kumi na tisa yake imebonyea,
na nina kiumbe ambaye mwenyewe sijamjua.

Nikasema:
"Mwisho wa korido, gizani, polepole, ...nakuja."

Kiambishi nilikimeza.
Nilikuwa sijaamua.

"Rudia," akasema Kerubo,
anayefundisha Kiswahili Buruburu na kusahihisha hata risiti za duka.
"Rudia, na safari hii utupe ngeli."

Mumbua hakungoja. "*Anakuja*. Ana pumzi, ana njaa.
Mwindaji wangu amelelewa msituni,
nipe jaribio la Elimu ya Wanyama."
"*Unakuja*," akasema Osewe, "kama moshi, kama mkosi.
Hilo ni la mchawi wangu. Nipe Uganga."
Abdinoor akavuta kikombe chake cha chai ya rangi:
"*Yanakuja*. Maji, maradhi, maovu, vyote huja kwa wingi.
Hapo huhitaji mwindaji. Unahitaji Dini."
"Na kama *kinakuja*?"
"Basi kimetengenezwa, na kilichotengenezwa kina skrubu."
Osewe huyo tena, mkono tayari kwenye dadu.

Wakabishana mpaka mshumaa ukala nusu yake.
Nami nikawaacha, kwa sababu ya aibu:
kwenye daftari nilikuwa nimeandika tu
*ukuta mmoja una joto, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa,
hakuna macho.*

Kerubo aliisoma kichwa chini, toka upande wake wa meza.
Akanyamaza, kama anavyonyamaza, nadhani,
mtoto wa mwisho darasani anapojibu sawa.
"*Panakuja*," akasema.

Hakuna aliyecheka.
"Si mtu, si kitu. Ni mahali.
Mahali pamechoka kungojewa, pameinuka, panatembea.
*Panakuja*, tukiwa bado nje.
Tukichelewa tutasema *mnanuka vitunguu*,
na hapo tutakuwa tumeshamezwa."

"Sawa, mwalimu. Lakini ustadi gani?"

Nikapitisha penseli juu ya orodha: Kupanda, Kunyata,
Historia, Hila, Kuogelea. Hapakuwa na kitu.
"Mahali," akasema Kerubo, "hupigiwa hodi."

Basi chini ya Kuogelea nikaandika *Adabu*,
na mbele yake sifuri, maana aliyetangulia mlangoni
alikuwa mwizi wake, ambaye katika vikao kumi na sita
hajabisha mlango hata mmoja.
Kiwango: kumi na mbili. Nilikificha kwa kiganja.
Mitupo mitatu, kwani hodi ni tatu,
ya nne ni ufidhuli.

Hodi. Nne.
Hodi. Tisa.
Hodi. Dadu likaruka ukingo wa meza, likaingia chini ya kabati,
na Mumbua, mwuguzi, akalala kifudifudi sakafuni
na tochi ya simu, akisukuma vumbi na kalamu zilizopotea.
"Kumi na moja."

Moja tu.
Ningeweza kudanganya. Kiganja changu kilijua.

Kerubo hakuomba. Akasema tu:
"Mwizi wangu anavua viatu.
Anajibanza ukutani, apapishe."

Hilo halina dadu. Nikafunga daftari.
Pakapita. Polepole, pakitugusa mabega kwa joto lake,
na ndani, nyuma ya ukuta usio na mlango,
tukasikia mtu akiosha vyombo,
akihesabu sahani kwa sauti ndogo,
akifika tano, akaanza upya.