Futi Haina Mjomba

Cherehani Ngamiani, ni Barabara ya Nane,
Futi naweka shingoni, mpitaji aione,
Nawapima viunoni, wembamba hata wanene,
Futi haina mjomba, hata uje na mapene.

Mwalimu Kihiyo huja, mshahara ukitoka,
Suruali yake moja, goti limeshachanika,
Kodi haikumngoja, hukohuko imefyeka,
Kwake hufika pungufu, nami natia kiraka.

Semboja mwenye malori, na maghala ya katani,
Ana karani hodari, vifungu vyote kichwani,
Fomu yake ya fahari, hasara tangu mwanzoni,
Miaka mitatu sasa, masikini taabani!

Juzi kaja kushonesha, suti ya sufu, ya ghali,
Futi nikaizungusha, nikarudi mara mbili,
Kitabu chanikumbusha, vile vipimo si kweli:
Kila mwaka wa hasara, huongeza inchi mbili.

Nami yangu nilisoma, kwa taa na kwa miwani,
Mara mbele, mara nyuma, "nenda jedwali fulani",
Nikamwita Mwanajuma, mjukuu wa chuoni,
Naye akatoa macho: "Babu, ni Kijerumani?"

Kaja kijana wa kodi, dukani kukadiria,
Adabu, hodi kwa hodi, chai kaikatalia,
Kahesabu kwa juhudi, mashine mbili katia;
Moja ilikwisha kufa. Mfu na hai sawia!

Kulipa sikukataa, na Bombo nimetibiwa,
Mitaani kuna taa, mitaro yazibuliwa,
Nataka ya kunikaa, kwa mwili nimepimiwa,
Si kuvishwa ya Semboja, yeye ya mwana kapewa.

Waraka uwe mwepesi, nisome bila miwani,
Toa uzi, toa pasi, toa pango la dukani,
Kinachobaki halisi, tukigawe hadharani,
Mnene avae pana, mwembamba ndogo mwilini.

Jana suti kachukua, kalipa kwa noti zake,
Kalamu nikainua, risiti niiandike,
Kinywa akakifumbua: "Sare za kazi, uweke,
Za utingo wangu kumi. Neno suti lifutike."

Pango nadaiwa mwezi, mkono ukanisita,
Nikautazama uzi, futi shingoni yavuta,
Nikajaza waziwazi, "Suti moja", bila tata,
Na kiuno nikatia: arobaini na sita.