Kaza Tena Ikipoa

Ufa niliurithi pamoja na gari.
Silinda ya nne, mwembamba kama unywele kwenye sahani.
Asubuhi chuma kikiwa baridi: ta-ta-ta-ta.
Kikipata moto kinajifumba, kinanyamaza,
kana kwamba si chenyewe kilichosema.
Mwaka huu kikaacha kunyamaza.
Siku ile Yombo, nimebeba viti mia na ishirini vya msiba,
imamu alikatiza dua, akanitazama mpaka nikazima.

Pikapu ya marehemu baba. Hilux ya themanini na sita,
petroli, rangi ya maziwa yaliyoungua.
Maturubai, viti, masufuria ya kukodi:
nusu ya Kiwalani imeoa, imeolewa, imezika
juu ya viti vilivyopanda humo.

Gerezani nikaoneshwa njia tatu.
Manifodi ya mtumba, chuma kizito cha kalibu,
imetoka Japani na kutu yake.
Shirima akaigonga kwa spana, ikalia kama kengele ya shule.
"Haina ufa, sikia."
Nikasikia. Na bei nikaisikia.
Kisha heda mpya ya Kichina: mabomba manne
yanajipinda kila moja kivyake, yanakutana chini
kama watoto wa baba mmoja siku ya kugawana mirathi.
Inang'aa hadi nikaona meno yangu.
Halafu Mwarami mchomeleaji, shati limetobolewa na cheche:
"Lete bomba la maji la inchi moja na nusu,
nakutengenezea hapa hapa, ukinywa soda imeisha."

Nilichagua kwa jicho, nakiri.
Fundi Chande hakunilaumu. Aliipima kwa kucha:
"Nyepesi. Itapumua vizuri. Ila italia."

Kazi ya saa mbili ilikula siku mbili.
Stadi ya nyuma ilikatikia ndani ya silinda hedi.
Tukaimwagia mafuta, tukaiombea, tukaitukana,
mwisho tukaitoboa kwa drili ya kuazima,
umeme ukikatika kila tulipokaribia.
Bomba la tatu nalo likagusa mhimili wa usukani.
Chande akaligonga nyundo taratibu, kama anayemwamsha mgeni,
likabonyea upana wa kidole.
Nikageuka pembeni. Lilikuwa bado na stika.

Gasketi ya shaba. Nati nane.
"Anza katikati, nenda nje kidogo kidogo,
usiimalize moja wenzake wakiwa wamelegea.
Chuma kipya kikiwa baridi kinadanganya.
Iwashe, ichemke, ilale.
Kesho ikipoa, kaza tena."

Ikawaka. Mafuta ya kiwandani yakafuka moshi,
bomba likageuka manjano, zambarau,
buluu ya shingo ya njiwa,
na injini ya baba ikatoa sauti
ambayo baba hakuwahi kuisikia.

Jioni nikafika getini, nikangoja.
Mama hufungua geti kwa masikio:
tangu kona ya mashine ya kusaga
husikia ta-ta-ta, akavuta komeo.
Miaka yote ile, kwa baba, kisha kwangu.
Geti halikutikisika.
Nikapiga honi, mimi, kwetu.

Alitoka anajifunga kanga.
"Nilidhani wapita njia."
Akaizunguka gari mara moja, hakusifia.
"Ile ya zamani iko wapi?"
Ilikuwa nyuma, chini ya turubai,
nimeshapatana na mnunuzi wa chuma chakavu, bei kwa kilo.
Akaibeba kwa mikono miwili, akikataa kusaidiwa,
akaiegemeza kwenye geti.
Sasa ndiyo inayolizuia lisijifunge.

Asubuhi, kabla ya chai, nikashika spana namba kumi na nne.
Kila nati ilikubali robo ya mzunguko,
isipokuwa ile ya nyuma,
ambayo sikuthubutu kuigusa.