Neno Huanzia Kisiginoni

Lamara huja na basi la Alhamisi kutoka Kutaisi.
Mkobani hana dawa.
Ana futi ya fundi cherehani, penseli,
na kijiko kimoja cha mpira.

Nilidhani atasema: fungua kinywa, tuone ulimi.
Akapiga magoti zuliani, akamvua Tekle soksi,
akapima kutoka kisigino hadi goti,
kutoka goti hadi nyonga,
akaandika nyuma ya risiti ya mkate.
"Nimekuita kwa ajili ya kusema," nikamkumbusha.
"Ndiyo," akajibu. "Nimeshaanza."

Miaka minne mwanangu aliishi kwenye kochi
kati ya mito mitatu, akiteleza
kama blanketi lisilo na mwenyewe.
Kichwa kikianguka kushoto, mkono wa kulia ulijirusha juu,
mgongo ukajipinda upinde,
na pumzi yake yote, ile haba,
ikaishia katika kazi ya kutoanguka.
Ingebaki ipi ya kumwita mtu?
Majirani walisema: mtindio wa ubongo, huyo hana neno.
Nami, Mungu anisamehe, kuna usiku nilikubali.

Jumber ni fundi wa magari ya waya,
yale yanayovuka bonde letu la Chiatura
kama vikopo kwenye kamba ya nguo.
Kitu kikining'inia vibaya, husema,
usikilaumu kitu, kagua kishikizo.
Alilipasua kabati la mjozi nililokuja nalo kwenye ndoa
(sikulia; nililia baadaye, kwa sababu nyingine),
akafungua mkanda kwenye gari lililostaafu.

Kiti cha kwanza kilikuwa kizuri, na hakikufaa kitu.
Miguu ilielea. Taya likafuata miguu,
ulimi ukausukuma uji nje, shati likalowa.
Lamara alikitazama kama anayesoma barua ya deni:
"Nyayo zisipopata sakafu, taya halipati pa kusimama."
Jumber hakujibu. Alirudi kibarazani na msumeno.

Cha pili kina kibao cha nyayo,
kabari chini ya mapaja ili nyonga zisikimbie mbele,
mbawa mbili za sponji kandokando ya mbavu,
na meza iliyokatwa nusu mwezi, viwiko vipate pa kutua.
Tulipofunga mkanda, alinyamaza.
Kichwa kikakaa katikati. Kikakaa tu.
Nikaona kumbe ana shingo ndefu, ya upande wa kina Jumber.
Kwa mara ya kwanza alinitazama bila kunitafuta.

Usiite muujiza.
Muujiza haungechukua miezi saba
ya kuhesabu "aaa" kwa saa ya jikoni:
sekunde moja, moja, moja na nusu,
Jumatatu mbaya, hakuna kitu,
kisha nne, ndefu kama treni ya madini.
Wapo wanaokaa wima vizuri na neno lisije,
Lamara alinionya; hao husema kwa macho,
na huko nako ni kusema.
Basi nikabandika picha mezani: chai, dirisha, ndiyo, hapana.
"Hapana" aliipenda kupita kiasi.

Halafu Februari, umeme umekatika,
mimi natwanga vitunguu saumu,
midomo yake ikakutana. Jozi.
Taya likashuka, likapanda, likashuka:
"Ma. Ma."

Msinipongeze upesi.
Katika lugha yetu ya Kijojia, mama ni baba.
Aliyegeuka ni Jumber, bisibisi kinywani,
akaketi sakafuni palepale, penye maji ya theluji.
Hapo ndipo nililia, mkinihesabia,
na si kwa furaha peke yake.

Mimi ni deda. Na D ni ngumu:
inataka ncha ya ulimi ipande,
iguse nyuma ya meno, iachie.
Huenda mwakani. Huenda isije.
Nasubiri, wala si kwa subira njema.

Jana niliona mapaja yamepita ukingo wa kiti.
Nikachukua futi: sentimita mbili.
"Mama," nikamwita mume wangu, kwa sauti ya Tekle,
"lete bisibisi."