Riwaya ya Mchwa

Saa kumi na moja alfajiri navuka Daraja la Askofu,
ndoo na mopu nimeviacha kwa watu wa bima,
vidole bado vyanuka klorini.
Ng'ambo ya mto kuna baa, na ukutani kibao:
hapa palikuwa na shimo la chokaa
walimochomwa watu wa Norwich
kwa kukisoma Kitabu
kwa lugha ile ile waliyoombea chumvi mezani.

Nasimama. Kila siku nasimama.

Namwaza mwanamke asiyejua a wala be
aliyeimeza sura nzima kichwani,
akaitema usiku, mlango umekomewa,
kwa mumewe, kwa mshona viatu, kwa jirani aliyekuja kuomba moto.
Na mmoja wao akaenda kusema.

Kwetu Wundanyi alikwenda mwalimu wa hesabu.
Mwaka wa themanini na sita.
Baba alikuwa na karatasi kumi na mbili
zilizopigwa kwa taipu ambayo k yake imevunjika mguu.
Akazitia katika kopo la mafuta ya kupikia,
akalifukia chini ya banda la kuku.
Wakamchukua yeye, kopo wakaliacha.
Miezi kumi na minne mama alimwaga mahindi pale
bila kutazama chini.

Baba aliporudi, tukafukua.
Mchwa walikuwa wametutangulia kusoma.
Ilibaki pini yenye kutu, na pembe ya karatasi
yenye neno moja: ijapokuwa.
Ijapokuwa nini, baba?
Akasema hakumbuki.
Akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Basi nikaujenga mji.
Humo mchwa wanalipwa mshahara,
kila kitanda kina kichuguu chake, kwa amri,
na raia hupimiwa maneno arobaini kwa siku
kama sukari wakati wa vita.
Hawakuanza kwa kupiga marufuku matusi, wala dua.
Walianza na viunganishi:
lakini, ingawa, kwa sababu.
Mtu asiye na lakini, utamfanya nini? Utamtuma popote.

Rosalind, mhariri wangu, alikoroga chai, akanisifu:
una ubunifu wa ajabu, umeutoa wapi?
Ila huyu jirani, akasema,
anamchongea mwenzake upesi mno, msomaji hataamini.
Nikacheka hadi watu wa meza ya pili wakageuka.
Nilitaka kumshika mkono nimlete hapa,
ni mwendo wa dakika saba, na viatu vyake vizuri.
Sikumleta. Nikaongeza sukari.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja:
mama alikuwa akilisema huku akipepeta mchele.
Mimi riwayani nimeligeuza tu.
Lijalo lilikwishakuwapo,
lilivuka daraja hili limefungwa kamba,
watoto wakilifuata mbio, mkate mkononi.

Kunapambazuka. Kijana wa baa anabiringisha mapipa,
ananiuliza kama nimepotea njia.
Hapana, nasema, nasoma.
Anatazama kibao kama mtu aliyeonyeshwa
ufa katika ukuta wa nyumba yake.

Ukurasa wa mwisho bado sijauandika.
Mwanamke yuko mbele ya kichuguu,
maneno yake arobaini yamekwisha tangu adhuhuri,
mchwa wametega pembe zao,
naye anafungua kinywa,
na k inatoka ikichechemea:
ijapokuwa