Swali la Saba

Nilisomea kufundisha sarufi. Barua ya ajira
haijaja hadi leo, ndipo nikapewa tabuleti,
kofia ya kampuni, na ramani ya mitaa:
Majengo, Bondeni, Kongowea, kila mlango wa tano.

Swali la saba lasema:
Kama uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia nani kura?
Mwavuli. Birika. Kinu. Sijaamua.

"Leo Jumatano," akanambia muuza viazi karai,
upawa wake ukidondosha mafuta. "Uchaguzi hauko leo.
Leo kuna mafuta yaliyopanda bei. Mbona hilo huniulizi?"
Sikuwa na kisanduku cha mafuta.
Nikagusa Sijaamua, ingawa yeye kaamua kitambo
kwamba hanijibu.

Darasani nilikichora kile kiambishi kwa chaki nyekundu,
-nge-, ningekuwa, ungekuja, wangepata,
na watoto wakaimba nyuma yangu.
Sikujua kuwa ni kiambishi cha wenye nafasi.
Huku vichochoroni watu watumia -me-:
maji yamekatika, kodi imefika, mtoto ameamka na homa.
Ukiwaletea -nge- wakutazama
kama uliyewauliza wangependa kuzaliwa wapi.

Kongowea, kijana wa mkokoteni hakusimama:
"Andika umpendaye wewe, dada, vitunguu hivi vyaoza!"
Bwana Mbarak, karani mstaafu wa forodha,
alinichambulia wagombea wote dakika arobaini,
ukoo, madeni, nani alisoma na nani alijifanya kusoma.
Kisha akasema: "Na kura yangu ni siri."

Bondeni, ghorofa ya tatu, nilimuuliza Mwanatumu.
Akajibu mumewe, macho kwenye mpira:
"Hapa ni Birika. Sote."
Mwanatumu akaafiki kwa kichwa. Nikagusa Birika.
Alinisindikiza hadi kwenye kona ya ngazi,
pale taa iliungua zamani, akanishika mkono.
"Mwavuli," akasema. "Futa lile."
"Lishaenda."
"Limekwenda wapi?"
Nikaonyesha juu,
kama mtu aonyeshavyo kwa Mungu.

Jumapili namba zikatoka.
Birika arobaini na moja; juma lililopita thelathini na sita.
Mwavuli kateremka. Kinu tisa, pale pale.
Jioni kulikuwa na mdahalo Tononoka,
na wagombea walizisoma namba zangu
kila mmoja kwa sauti yake:
Birika kama hati ya shamba,
Mwavuli kama risiti ya kughushi.
Wa Kinu alikunja karatasi, akauliza ukumbi:
"Nani kati yenu aliulizwa?"
"Hakunaaa!"
Nami nimo, safu ya nyuma,
kofia ya kampuni nimeikalia.

Wakabishana saa mbili juu ya zile tano zilizoongezeka,
zimetoka wapi, nani kazinunua, vijana au wazee,
na mimi nawaza: mojawapo
ni mwanamume aliyekuwa akitazama mpira.

Chini ya skrini, kwa herufi za chungu, paliandikwa
ukingo wa makosa: tatu juu, tatu chini.
Hakuna aliyepasoma.
Mimi namjua mmoja akaaye humo,
na ndoo zake, na ile taa isiyowaka.

Matokeo yalipokuja hayakufanana na namba zetu,
wala hayakuzikana. Kampuni ikasema tulikaribia.
Nikarudisha tabuleti ikiwa na chaji asilimia kumi na moja,
na nikadaiwa kofia.

Juma la pili yake nilimkuta Mwanatumu kwenye foleni ya maji,
wino bado umo ukuchani, umefifia kama hina kuukuu.
Swali nilikuwa nalo mdomoni, si la -nge- tena.
Akasogeza mtungi wake nipate nafasi.
"Leo ni shilingi thelathini," akasema,
"na jana ilikuwa ishirini."
Nikatoa thelathini.