Mlango wa Mbele

Nyumba imeisha, limebaki tundu.
Miaka tisa ya mkopo wa walimu, tofali juu ya tofali,
kwenye mwamba wa Mabatini ambao hata nyundo ya kilo kumi
iliusalimia tu, ikapita.
Sasa upepo wa ziwa unaingia sebuleni bila hodi,
unakaa, unafunuafunua madaftari ya darasa la sita, unaondoka.
Tumeliziba tundu kwa turubai la bluu.

"Chagua, Mwalimu," anasema fundi Lushinge,
kidole chenye gundi kikisukuma picha kwenye simu:
mlango wa jua linalochomoza,
mlango wa simba wawili wanaotazamana kama wakwe,
mlango wa misumari ya shaba mtindo wa Unguja.
Wanasema misumari ile ilikuwa ya kuzuia tembo.
Mimi wa kumzuia ni mbuzi wa Mama Holo.

Bulugu anataka chuma.
Igoma, tulipopanga, mlango wetu wa mbao ulipigwa teke moja tu.
Tangu usiku ule mume wangu akilala, sikio moja linabaki zamu.
"Chuma," anasema. "Na komeo tatu."
Chuma, juani, juu ya mawe haya?
Kitamkaanga mgeni kabla hajakaribishwa.

Minza anapiga simu kutoka Dodoma:
wekeni kioo, mama, mwanga uingie.
Na wadudu wa ziwa wataiona taa, mwanangu. Umesahau?
Asubuhi tulikuwa tukiwazoa kwa beleshi.

Bei nazo.
Mninga, milioni na nusu. Mkongo, pungufu kidogo.
Mkaratusi... fundi hakumalizia, alitazama pembeni.

Nyuma ya banda la kuku, chini ya magunia ya mkaa,
ulikuwa umelala mlango wa baba.
Mvule. Wa Igogo.
Siku ya bomoabomoa wenzake waliokoa mabati,
makochi, masufuria, picha za harusi.
Yeye aling'oa mlango, akaubeba begani hadi kwa dada yake,
na watu wakacheka: mzee Kabadi,
utaufunga wapi?

Nikauondolea magunia. Ilikuwepo bado:
X nyekundu, ya rangi ya mafuta, toka pembe hadi pembe,
imechuruzika kwenye mguu mmoja,
kana kwamba aliyeichora alikuwa anawahi chakula cha mchana.

Nami nimeichora alama hiyo miaka thelathini,
wino mwekundu, haraka haraka, daftari lifuatalo.
Sikumbuki kumuuliza mtoto hata mmoja
jana ulilala wapi.

Lushinge aliugonga kwa vifundo vya vidole, akasikiliza.
"Mti huu siku hizi hupati."
Akapima. Mfupi kwa inchi nne.
Ataunga kwa mninga, akasema, lakini rangi mbili zitaonekana.
Zionekane.
Bulugu aliuzunguka mara mbili, akaujaribu kwa kisigino,
akakohoa.
Komeo, akasema, zibaki tatu.

Randa ikaanza.
Maranda yalianguka mekundu, halafu waridi, halafu rangi ya asali,
na kuku wakaja kuyapekua wakidhani ni kitu.
Mguu mmoja wa X ukaisha.
"Basi," nikasema.
"Bado huu mwingine, Mwalimu."
"Basi, fundi."

Sasa umesimama.
Mstari mmoja mwekundu umekatiza mshazari
toka bawaba ya juu hadi chini ya kitasa.
Si kosa. Wala si tiki.
Wageni wakiuliza huu ni mtindo gani
nawaambia niliuchagua mwenyewe, karibuni, viatu acheni tu.

Masika huvimba, ukagoma kufunga.
Fundi anasema tusubiri kiangazi auparuze kidogo.
Kwa sasa nausukuma kwa bega,
la kushoto,
lilelile ambalo baba aliubebea.