Saba Wawili

Intaneti ilianza kukatika Jumanne,
ikija dakika tatu, ikipotea kumi,
kama maji ya bomba hapa Tabata Kisukulu.
Nikazima ruta, nikahesabu hadi thelathini,
nikawasha. Taa ya kijani.
Nikashukuru mapema.

Sikudhani akailaumu kampuni. Mpangaji akailaumu mvua.
Mimi nikapanda stuli kukaza waya
ambao haukuwa umelegea.

Usiku nikafungua orodha ya ruta, namba kwa namba,
nikakuta moja inagombewa:
mia tisini na mbili, mia sitini na nane, moja, saba.
Simu mpya ya mpangaji imepewa saba.
Na printa ya marehemu kaka Chande, kule stoo,
chini ya kanga, bado inaitikia saba:
aliiandikia kwa mkono wake, isibadilike,
mwaka ule tulipokuwa tukichapa kadi za harusi.

Nani kaichomeka?
Tunu, wa darasa la sita,
alitaka ramani ya Tanzania.

Ruta haina kosa. Iliita jina moja,
wakaitika wawili, ikaduwaa.

Ningeweza kuifuta ile saba ya printa.
Kidole kikafika, kikasita.
Nikaihamisha simu: wewe kaa ishirini na mbili,
nyumba ni kubwa.
Saba nikaitenga, asipewe mtu.

Saa nane usiku mtandao ukatulia.
Kule stoo printa ikakohoa, ikakumbuka kazi,
ikachora ziwa lote, mlima wote,
na kabla ya kufika Dar
wino ukaisha.